Mwendo wa Msafara ni Mwendo wa Mnyonge



Mwezi huu twapenda kuwasimulia khabari za safari moja tuliyoifanya kwa baisikeli pamoja na vijana wa chuo chetu, kutoka Handeni mpaka Korogwe. Hatuisimulii kwa kujisifu, kwani hamna ndani yake la kujisifia. Twaisimulia kwa kuwa kosa lililotokea lilikuwa letu sisi walezi, na mlezi afichaye kosa lake humwachia mwenziwe alirudie.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, katika mwezi wa Rajabu, Januari 2025. Ndugu zetu wa chuo kimoja cha Korogwe walitualika tukasome Maulidi pamoja nao usiku wa kuamkia Ijumaa. Shule zilikuwa zingali katika likizo, na Alhamisi, kama ijulikanavyo, ni siku ya mapumziko ya vyuo vya Kurani. Vijana wakatushauri wakasema: "Maalimu, ya nini kulipa nauli? Barabara ni ya lami, baisikeli tunazo, na Korogwe si mbali." Njia hiyo ni kiasi cha kilomita 65. Tukakubali, tena kwa furaha, kwa sababu sisi nasi katika ujana wetu tulikuwa hodari wa baisikeli. Na mtu mzima akikumbushwa ujana wake, akili humpungua kidogo.

Tulikuwa watu 15: sisi na vijana 14, mkubwa wao wa miaka 20 na mdogo wao wa miaka 16. Tulipatana kwamba tutasali Alfajiri msikitini na kuondoka papo hapo. Lakini huyu tairi lake halina upepo, yule amekwenda kutafuta fulana ili wote wavae sare, kisha ikawa lazima ipigwe picha ya ukumbusho. Tulipotoka mjini ilikuwa saa tatu na nusu, na jua limekwisha kupanda.

Aijuaye Handeni aijua na Januari yake. Mvua za vuli zimekwisha, za masika hazijaja, upepo wa kaskazi wavuma mkavu juu ya majani, na maji ni kitu cha kuhesabiwa kwa ndoo. Wenyeji wachukuao mkaa na madumu ya maji juu ya baisikeli huondoka usiku wa manane, ili jua likipanda wawe wamekwisha kutua mizigo yao. Asubuhi ile tuliwapita wengi wao wakirudi makwao, ilhali sisi ndiyo kwanza twatoka. Hatukujiuliza kwa nini.

Kabla ya kuondoka, kijana mmoja alitwambia kwa upole: "Maalimu, jua limeshakuwa kali. Je, haifai tungoje mpaka baada ya Alasiri?" Mwenziwe, ambaye ni hodari wa kuhifadhi na mwepesi wa kujibu, akamdakiza: "Umeisahau Tabuki? Jeshi la Mtume lilitoka katika Rajabu kama hii, katika joto kali, na waliosema msitoke katika joto walikuwa wanafiki!" Wenziwe wakacheka, na yule wa kwanza akainamisha kichwa kwa haya. Sisi, tuliowasomesha kisa hicho kwa ulimi wetu wenyewe, tulifurahi kuona mwanafunzi amehifadhi, tukanyamaza. Kunyamaza kwetu ndiko kosa la kwanza.

Basi tukashika njia. Handeni iko juu kuliko Korogwe, kwa hiyo kwenda ni kwepesi kuliko kurudi. Magurudumu yakimbia, na upepo wapiga usoni. Tulipopita Misima tungali pamoja. Tulipofika Sindeni, wenye baisikeli nyepesi za gia walikuwa mbele, na sisi tumo miongoni mwao, twaona fakhari kwamba umri wetu haujatuangusha. Wenye baisikeli nzito walikuwa nyuma, wametawanyika mmoja mmoja. Hilo lilikuwa kosa la pili.

Yapata saa sita tulifika kwenye mwinuko, tukatua chini ya mkwaju ili tuwangoje wenzetu. Akaja mmoja, akaja wa pili, wakaja watatu pamoja. Kisha akatokea mzee mmoja juu ya baisikeli, nyuma yake amefunga madumu mawili ya maji. Akatusalimu, akauliza: "Maalimu, vijana hawa ni wako?" Tukajibu kuwa ni wetu. Akasema: "Na yule aliyelala kando ya njia kule nyuma, yeye ni wa nani?"

Wasomaji wetu, neno lile lilituingia kama kisu. Tulirudi mbio, na mzee akageuza baisikeli yake akaja nasi. Tulimkuta kijana wetu mmoja, wa miaka 16, ameegemea kichuguu katikati ya majani makavu. Macho yake yalikuwa wazi, lakini alituita kwa jina la mjomba wake, na maneno yake hayakuwa na kichwa wala miguu. Mwili wake ulikuwa wa moto kama kikaango. Na chupa yake ya maji ilikuwa imejaa, haikufunguliwa. Hapo ndipo rafiki yake alipotwambia kwamba amefunga. Ilikuwa Alhamisi, naye ana desturi ya kufunga suna ya Jumatatu na Alhamisi, akaificha saumu yake kwa kuogopa ria.

Mzee hakuuliza zaidi. Tulimbeba kijana mpaka kivulini, akafungua dumu lake la kwanza, akammwagia maji kichwani, shingoni, makwapani na kifuani, nasi twampepea kwa kanzu zetu tulizozichukua kwa ajili ya Maulidi. Mmoja wetu alitaka kumtia maji kinywani, mzee akamshika mkono, akasema: "Mtu asiyejijua hanyweshwi, maji yatampalia." Akafungua na dumu la pili, na maji yale alikuwa akiyapeleka nyumbani kwake. Baada ya kitambo kijana alianza kututambua. Gari la abiria likatuchukua sisi na yeye mpaka hospitali, akatiwa maji ya mshipani, na magharibi ilipoingia aliweza kukaa na kusema nasi. Alhamdulillahi. Maulidi yalisomwa bila sisi.

Lililobakia lilikuwa ni kumpigia simu mama yake. Yule mama hakupiga kelele wala hakututukana. Alitwambia maneno haya tu: "Maalimu, nilikukabidhi mwanangu umfunze dini. Je, dini haikwambii utazame nyuma?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuushike wino mwezi huu. Jibu lake ni kwamba dini yatwambia hivyo, tena mara nyingi, nasi twayasoma hayo killa siku bila kuyatia katika mwendo wetu.

Kwanza tujibu hoja ya Tabuki, kwani kijana yule hakusema uwongo. Ni kweli kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alitoka kwenda Tabuki katika Rajabu ya mwaka wa 9 wa Hijra, wakati wa joto kali na matunda yanaiva Madina. Ni kweli pia kwamba Sura ya Tawba yawalaumu waliosingizia joto ili wakae majumbani. Lakini mwenye kuisoma sura hiyo asisimame nusu ya njia. Mbele kidogo, Mwenyezi Mungu amewaondolea lawama walio dhaifu, na wagonjwa, na wasio na cha kutumia. Na Kaab bin Malik, mmoja wa waliobaki nyuma kisha wakatubia, katika hadithi yake ndefu ameeleza kwamba Mtume alikuwa na desturi ya kuficha aendako katika vita. Ila safari ya Tabuki aliitangaza waziwazi, kwa sababu ya joto na urefu wa njia, ili watu wapate kujitayarisha sawasawa.

Tazama basi, ewe kijana. Hata katika Tabuki joto halikudharauliwa. Lilihesabiwa, na watu wakaambiwa mapema. Tena kutoka kule kulikuwa ni wajibu ulioamrishwa, ama kutoka kwetu saa tatu na nusu kulikuwa ni matokeo ya kungoja fulana na picha. Kuchukua aya iliyoteremka juu ya wajibu na kuipamba nayo haraka yetu wenyewe, huko si ushujaa, bali ni kuitumia dini kumnyamazisha mwenzetu aliyesema kweli. Na yule aliyesema tungoje Alasiri alikuwa ndiye mwenye fiqhi siku ile, kwani ni katika mafunzo ya Mtume kwamba joto likizidi, hata sala ya Adhuhuri huchelewa kidogo mpaka hewa ipoe. Ikiwa sala yenyewe yapozwa, kwa nini baisikeli isingoje?

Pili, twende kwenye saumu ya kijana wetu. Nia yake ilikuwa njema, na twamwomba Mungu aipokee. Lakini Kurani katika Sura ya Baqara imempa msafiri rukhsa hata katika saumu ya faradhi, sembuse ya suna. Mwaka wa 8, katika safari ya kuifungua Makka, Mtume alitoka katika Ramadhani naye amefunga, na watu wamefunga. Walipofika mahali paitwapo Kuraa al-Ghamim aliambiwa kwamba watu wanaona tabu. Akaagiza chombo cha maji, akakiinua juu mpaka watu wote wakamwona, kisha akanywa. Na alipoambiwa kwamba wamo wengine walioendelea kufunga, hakuwasifu, bali aliwaita waasi. Angaliweza kunywa kwa siri. Alikiinua chombo juu ili aliye dhaifu asione haya. Nasi siku ile tungalisimama Misima, tukafungua chupa zetu mbele ya wote na kuuliza: "Nani amefunga? Leo kufungua ni rukhsa," kijana yule angalifungua. Hatukusimama.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mahali pa amiri. Imepokewa kwa Jabir, katika mkusanyo wa Abu Daud, kwamba Mtume katika safari alikuwa akikaa nyuma, akimsukuma mnyonge aende, akimpakia nyuma yake aliyechoka, na kuwaombea dua. Na Uthman bin Abil-As alipoomba kuwa imamu wa watu wake, alikubaliwa, akaamrishwa amwangalie aliye mnyonge kuliko wote, ajipime kwa huyo. Imamu arefushaye sala kwa kuwa miguu yake ina nguvu amewadhulumu wazee walio nyuma yake. Na kiongozi wa baisikeli aendaye mwendo wa gia zake amewadhulumu wasio na gia. Sisi tulikuwa mbele, na Mtume wetu alikuwa nyuma. Hili halihitaji sherehe.

Huenda msomaji akauliza: joto la barabarani laweza kweli kumwangusha kijana mwenye afya? Naam, tena upesi. Mwili wa binadamu hukaa katika joto la kiasi cha nyuzi 37. Mtu akipanda baisikeli, katika nguvu zote anazozitumia ni kiasi cha robo tu izungushayo magurudumu. Zilizobaki hugeuka kuwa joto ndani ya mwili. Mwenyezi Mungu ameliwekea joto hilo mlango wa kutokea, nao ni jasho: likikauka juu ya ngozi, ngozi hupoa. Maji yakipungua mwilini, jasho nalo hupungua, na mlango hufungika. Joto la ndani likifika nyuzi 40 na kupita, ubongo huanza kuungua, na mtu hubabaika kwa maneno. Hapo si uchovu tena, ni khatari ya mauti.

Na baisikeli ina udanganyifu wake. Katika mteremko upepo hulikausha jasho kabla hujaliona, nawe wadhani hukutoka jasho. Ukifika mwinuko, mwendo hupungua, upepo hukoma, kazi huzidi, na joto lote hukujia kwa mara moja. Ndiyo sababu kijana wetu alianguka penye kupanda, si penye kushuka.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya vijana wasio na mazoezi. Tom Simpson, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za baisikeli mwaka 1965, alianguka na kufa tarehe 13 Julai 1967 katika mlima wa Ventoux huko Ufaransa, katikati ya mashindano, siku ya joto kali. Alikuwa na umri wa miaka 29. Alikuwa amekunywa pombe na kumeza dawa za kutia nguvu, na dawa hizo humfanya mtu asisikie mwili wake unapomwambia simama. Sisi hatunywi pombe wala dawa hizo, lakini fakhari ya kundi nayo ni kileo. Kijana aonaye haya kusema "nimechoka" mbele ya wenziwe amezibwa masikio vilevile.

Tena msiba wa Hija ya mwaka 2024 haujasahauliwa. Joto la Makka lilipita nyuzi 50, na serikali ya Saudia ilitangaza kwamba mahujaji 1,301 walifariki. Wengi wao, zaidi ya wanane katika killa kumi, walikuwa wale wasiokuwa na kibali, waliotembea mwendo mrefu juani bila ya hema wala mahali pa kupumzika. Twawaombea rehema wote. Ikiwa hata katika nchi tukufu na ibada tukufu jua halikumwacha asiye na kivuli, basi sisi wa barabara ya Sindeni tusijidanganye kwamba nia njema peke yake ni mwavuli.

Baada ya hayo, haya ndiyo tuliyojiwekea katika chuo chetu, nasi twawapa wazazi na walimu wenzetu:

Safari ya baisikeli katika miezi ya joto ianze mara baada ya Alfajiri. Jua likishawapata njiani, kundi litue kivulini kabla ya saa tano, lisali Adhuhuri kwa utulivu, wala lisiondoke mpaka jua lipungue.

Achaguliwe amiri, na amiri akae nyuma. Mbele awekwe aliye mnyonge kuliko wote, wala asipitwe. Wapande wawili wawili, killa mtu na mwenziwe wa kumtazama.

Killa baada ya nusu saa wasimame, wahesabiwe, na wanywe wote kwa pamoja, kidogo kidogo, kabla ya kiu. Atakaye kufunga aseme kabla ya safari, naye akae nyumbani au afungue, na asichekwe.

Maji matupu kwa mwendo mrefu hayatoshi, kwani jasho hutoka na chumvi. Mama wa nyumbani aweza kutengeneza kinywaji hiki: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa, visirundikwe. Asizidishe chumvi.

Aumwaye kichwa, au aonaye kizunguzungu, au atapikaye, safari yake imekwisha siku ile. Aanzaye kubabaika kwa maneno alazwe kivulini, avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe bila kukoma, na apelekwe hospitali. Asinyweshwe kitu mpaka ajitambue.

Na asiye na mazoezi ya jua asitiwe juani kwa siku moja. Mwili huzoea joto polepole, kwa wiki moja au mbili za kazi ndogo ndogo.

Wasomaji wetu, katika Mfunguo Sita, Septemba 2025, tulialikwa tena Korogwe. Wazazi wengine walisita, na walikuwa na haki. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, tukakiri kosa letu, tukawaeleza taratibu mpya. Mama wa kijana yule tulimwendea wa mwisho, kwa sababu ndiye tuliyemwogopa zaidi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Safari hii utakuwa wapi, Maalimu?" Tukamjibu: "Nyuma ya mwanao." Akanyamaza, kisha akaingia ndani, akatoa chupa mbili za maji aliyokwisha kuyatia sukari na chumvi.

Tuliondoka giza lingalipo. Jua la Septemba si lile la Januari, lakini hatukulijaribu. Mbele alikwenda kijana yule, katika mwendo aliouweza, na wenye gia wakajifunza kuvuta breki. Yule mwenye hoja ya Tabuki ndiye aliyeomba kugawa maji killa tuliposimama, naye akinywa wa mwisho, kama ilivyo adabu ya mwenye kunywesha watu. Karibu na Sindeni tulimtafuta mzee wetu, tukamrudishia madumu yake mawili yamejaa, na mkono wa shukrani. Alicheka akasema maji huwa hayarudishwi. Tulivuka Mto Pangani jua halijawa kali, tukaingia Korogwe kabla ya saa sita, watu 15 tuliotoka, watu 15 tuliofika. Kurudi, kwa kuwa ni kupanda, tulipakia baisikeli zetu juu ya lori. Wala hakuna aliyeona haya.

Ewe kijana, ukiwa na nguvu kuliko wenzio, jua kwamba nguvu hizo ni amana, na haki yake ni kumfikisha asiye nazo. Na ewe mlezi, kabla ya kuuliza mbele pana nini, geuka kwanza utazame nyuma yuko nani.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu katika safari zao, na atusamehe yale tuliyoyanyamazia. Wabillahi tawfiq. Wassalaam.